Fundi Aliyekaa Kutwa Akitutazama

Nyie vijana, wajukuu zangu mtakaosoma haya, wekeni simu chini kwanza. Mimi nimeishia darasa la nne, kwa hiyo msinitafutie makosa ya nukta na mkato. Nataka kuwaeleza mtu mmoja tuliyemwita Fundi. Jina analo, kabatizwa kama sisi, lakini sitaliandika hapa. Jina hilo limeshateswa vya kutosha na midomo ya watu, na mdomo wa kwanza ulikuwa wangu. Kazaliwa wapi, baba yake nani, kaoa ukoo gani, hayo siyajui na sikuwahi kumuuliza. Nimemjua miaka zaidi ya ishirini kwa mikono yake na kwa maneno yake, basi nitasema hayo.

Banda lake lilikuwa mtaa wa Sakina, nyuma ya mafundi wa magari, mahali ambapo mabasi ya Nairobi yakipita mlango wa bati unatetemeka. Chumba kimoja. Meza ilikuwa ndefu kama ya harusini, na juu yake utumbo wa kila kitu: redio zilizofunguliwa, pasi zisizo na mkia, nyaya, betri, kikombe cha chai kilichoota ukungu. Ukiingia na kitu chako unajiuliza kitatoka salama humu? Lakini kabla hajakigusa, Fundi alitoka nje, akachukua kopo na kipande cha sabuni, akanawa mpaka kwenye viwiko. Akimaliza ananawa tena.

Nilimwambia siku moja, "Fundi, mikono unaosha kama daktari, meza hii ni jalala."

Akasema, "Mama, meza haiingii ndani ya kifaa. Mkono ndio unaoingia."

Alivaa koti la kijivu mwaka mzima, Julai na ukungu wake, Januari na jua lake. Miwani aliifunga kwa waya wa shaba upande mmoja. Mtu mrefu, mwembamba, anayetembea akiangalia chini kama aliyedondosha skrubu. Nyumbani kwake, wanasema, kulikuwa na redio moja inayoshika stesheni moja tu, na hakuitengeneza. Simu yake ilikuwa ile ya tochi. Vijana wa gereji walimtania, "Mzee, unatibu laptop za watu, wewe mwenyewe simu ya vitufe?"

"Kwani daktari wa meno lazima ang'oe yake?"

Wanacheka, wanarudi kwenye magari yao. Kesho wanamuuliza tena, naye anawajibu vilevile, bila kutabasamu. Nilidhani hapendi utani. Baadaye nikajua kwamba ule ndio ulikuwa utani wenyewe, na alikuwa akiungoja kila asubuhi.

Alianza na redio, akaja kwenye televisheni zile nene. Zilipokuja nyembamba na kompyuta zikaingia, akafunga banda miezi kadhaa. Watu wakasema amehama, wengine wakasema amefilisika. Kumbe alikuwa akikaa kila siku mjini, kwenye duka la kompyuta, pembeni ya binti mmoja wa umri wa mwanawe wa mwisho, anamuuliza hiki ni nini na kile ni nini. Akamwita yule binti Mwalimu, na hata baada ya kurudi Sakina aliendelea kumwita hivyo mbele ya watu. Mtu huyohuyo, mteja akimletea kitu na kujifanya anajua, alimkata kauli. Unyenyekevu wake na ukali wake sikuelewa vinakaaje koti moja.

Mama mmoja mwenye duka alimletea pasi nikiwa nimekaa pale nangoja redio yangu.

"Imekufa ghafla," yule mama akasema.

"Ghafla baada ya nini?"

"Ghafla tu."

"Ghafla ina saa yake, Mama. Ilikuwa saa ngapi, na ulikuwa unafanya nini?"

"We baba, unanihoji kama polisi!"

"Polisi angeshakuachia. Kaa chini ukumbuke."

Mama akakaa, amenuna. Mwishowe akasema kwa sauti ndogo kwamba kuku aliingia dukani, akamrushia pasi. Fundi akatikisa kichwa, akaenda kunawa.

Hiyo ndiyo ilikuwa njia yake. Hakufungua kitu kabla hujamwonyesha kinavyougua. Ukimwambia, "Fundi, nibadilishie hiki," alikurudishia mzigo wako. "Usiniambie dawa," alisema. "Niambie unaona nini." Mafundi wengi wa kompyuta mjini dawa yao ni moja: piga window, futa kila kitu, anza upya. Fundi aliwaita wachoma nyumba. Alisema mtu akiona panya sebuleni hachomi nyumba, anatafuta tundu. Na kama hakulijua tatizo alisema "sijui" kwa sauti ile ile ambayo wengine husemea bei.

Pale kanisani kwetu vipaza sauti vilikuwa vinanguruma katikati ya mahubiri. Mafundi wawili walishafungua mashine, wakafunga. Fundi alipoitwa alikataa kufungua. Akaja Jumapili, akakaa benchi la tatu, na wakati sisi tumefumba macho yeye ameyafumbua, anaangalia waya unavyopita ukutani. Wazee wa kanisa walichukia. Walisema huyu haombi, anapeleleza. Ibada ilipoisha akawaambia, "Nendeni jikoni." Akina mama wa chai walikuwa wanachomeka birika kubwa la umeme kwenye waya uleule wa vipaza sauti, kila mahubiri yakifika katikati, ili chai iwe tayari kwa wageni. Akasema hakuna kilichoharibika. Mmoja wa wazee akamuuliza, "Basi na wewe ibada umeipata wapi leo?" Akajibu, "Nimeipata jikoni, Mzee. Kulikuwa na maandazi."

Kuaga hakujua. Anamaliza, anakuangalia, anaondoka. Chai hakunywa mpaka kazi iishe, hata umwekee mbele ipoe. Na akimaliza anakula kama watu wawili.

Sasa nije kwenye lile lililonifanya nishike kalamu.

Mjukuu wangu Aneth, mtoto wa binti yangu wa pili, anaishi nami Moshono. Kazi yake ni filamu za wageni. Wageni wanakwenda mbugani, wanapiga picha za simba siku tano, halafu kampuni inamletea Aneth, naye anakata na kushona mpaka zinakuwa filamu ya dakika kumi. Kazi hiyo inataka kompyuta yenye nguvu. Akaenda kwa Fundi. Fundi akachagua vipande kimoja kimoja, akaviunga mwenyewe, akaleta nyumbani lile sanduku wanaloliita sipiyu, lina kioo ubavuni na taa za buluu ndani kama baa. Nikasema taa hizo mtu azime. Fundi akazima.

Tukaiweka sebuleni, juu ya meza, pembeni ya kioo chake cha kuangalizia. Ikafanya kazi. Jumamosi Aneth akipumzika alikuwa anacheza mchezo mmoja mdogo wa kuku. Kuku anakimbia uani anadonoa mahindi, wewe unamwongoza asikanyagwe na ng'ombe. Mchezo wa kitoto kabisa. Hata simu inaubeba, Aneth mwenyewe aliniambia.

Jumamosi moja akaniita. "Bibi, hebu angalia. Kuku anachechemea."

Nikaangalia. Kuku anapiga hatua, anasimama, anaruka, anasimama. "Labda ndivyo walivyomchora," nikasema.

"Hapana, Bibi. Ona hii namba pembeni. Inatakiwa sitini. Sasa hivi iko kumi na mbili."

Akanieleza kwamba kinachoonekana kinakwenda pale ni picha zilizosimama, zinapitishwa moja baada ya nyingine. Zikipita sitini kwa sekunde jicho linaona kuku anakimbia. Zikipita kumi na mbili jicho linaona kuku mgonjwa. Mashine yenye nguvu kama ile, mchezo mwepesi kama ule, haikuwa na sababu.

Akampigia Fundi. Akaja kesho yake mchana, baada ya ibada, nasi tukiwa tumejiandaa. Akakaa, akawasha, kuku akakimbia kama ameiba. Fundi hakuridhika hivyo hivyo. Akaangalia kama waya wa kioo umechomekwa kwenye tundu la kadi ya picha au kwenye lile la chini lisilo na nguvu. Uko sawa. Akaangalia kama mashine imewekwa kwenye kubana umeme. Haikuwekwa. Akapima umeme wa ukutani, akapima na wa kwenye stabilaiza, akachomoa ram, vile vibao vya kumbukumbu, akazifuta akarudisha. Saa mbili nzima. Namba haikushuka chini ya sitini. Akasema, "Sijaona ugonjwa." Akaenda zake. Jioni hiyohiyo kuku akachechemea.

Mara ya pili akaichukua kwenda nayo Sakina. Siku tatu. Akaazima simu ya kijana wa gereji, akamtumia Aneth picha kuonyesha inavyokimbia, asubuhi, mchana, jioni. Akairudisha. Tulipoiwasha na kukaa nayo kidogo, kuku yuleyule, mguu uleule.

Hapo ndipo neno liliponitoka. Nikasema, "Kwake inakimbia, kwetu inachechemea. Kuna kitu anakichomoa mashine ikija huku, anakirudisha ikiwa kule."

Aneth akaniuliza, "Bibi, umemwona akichomoa?"

"Nimemwona kuku."

Nyie mnajua jinsi mafundi wanavyosemwa mji huu. Unapeleka kitu kina moyo mzuri, kinarudi na moyo wa mtumba. Kila mtu ana hadithi yake, ya simu, ya gari, ya televisheni. Kwa hiyo nililolisema halikuhitaji ushahidi, lilikuta njia imeshachimbwa. Nililisema Jumatano kwenye jumuiya, baada ya sala, vikombe vikiwa mkononi. Walikuwepo akina mama kumi na mmoja, na mwalimu mkuu wa shule moja, ambaye ameoa kwa binamu yangu. Mwalimu huyo alikuwa ameshaongea na Fundi ampe chumba cha kompyuta cha shule akitunze, kazi ya kudumu, ya kumtoa mtu bandani. Nilijua. Aneth alishaniambia, na Fundi mwenyewe alikuwa amenunua koti jipya kwa ajili hiyo, mara ya kwanza kumwona na koti jingine.

Mwalimu mkuu aliweka kikombe chini, akauliza, "Una hakika, Mama?"

Nikasema, "Mashine iko sebuleni, njoo uione."

Hakuja kuiona. Kazi akampa mtu mwingine. Kuna nyumba ya wageni iliyokuwa inampelekea Fundi vitu vyake, nayo ikaacha. Sakina watu wakaanza kuja kuchukua redio zao hata kabla hazijapona. Yote ndani ya mwezi mmoja.

Jumamosi iliyofuata mambo hayo Fundi alikuja nyumbani asubuhi bila kuitwa. Amevaa koti la zamani. Nilitegemea makelele, nikawa nimejiandaa kwa makelele.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba."

"Leo sigusi kitu. Naomba kiti nikae pale mlangoni. Nyie fanyeni mnavyofanya siku zote, mnione kama sipo."

"Mpaka saa ngapi?"

"Mpaka nione."

Nikampa kigoda. Akakaa. Aneth akawasha mashine, kuku akakimbia, namba sitini. Nikapita na ufagio nikasema, "Ukiwepo inakimbia. Labda inakuogopa." Saa tatu, saa nne, saa tano. Nilifua, nikaanika, nikamenya ndizi, yeye yupo. Aliuliza swali moja tu asubuhi yote: kama Jumamosi zote ninafua. Nikamwambia Jumamosi zote ninafua.

Mchana vitambaa nilivyovitoa alfajiri vikafuliwe vikawa vimekauka. Mimi vitambaa vyangu nimevifuma mwenyewe kwa mkono, vyeupe, vya kochi, vya televisheni, vya friji, vya redio. Nyumba isiyo na vitambaa ni stoo. Nikavinyoosha kwa pasi, nikaanza kuvirudisha kimoja kimoja. Kochi. Friji. Nikafika kwenye lile sanduku la Aneth. Kwanza nikatandika nailoni, maana barabara yetu ya Moshono haina lami na vumbi linaingia hata kwenye sukari. Juu ya nailoni nikatandaza kitambaa, nikakishusha mbele na nyuma vizuri kifunike. Juu ya kitambaa nikaweka picha ya marehemu babu yenu, ile kubwa yenye fremu ya mbao. Aneth hakugeuka. Amezaliwa ameviona vitambaa, kwake ni kama rangi ya ukuta. Na ile picha hakuna mtu humu ndani angethubutu kuisogeza.

Fundi aliangalia namba. Ilikaa sitini kama robo saa hivi. Ikawa hamsini. Ikawa thelathini na kitu. Kuku akaanza kuchechemea.

Akasimama, akaenda bombani, akanawa mpaka kwenye viwiko. Akarudi akasimama mbele ya ile picha.

"Huyu ndiye Mzee?"

"Ndiye."

"Naomba ruhusa nimbebe."

Nikampa. Akaibeba picha kwa mikono miwili, akanikabidhi. Halafu akaweka kiganja upande wa nyuma juu ya kitambaa, kama mtu anayepima homa ya mtoto.

"Mama," akasema, "Mzee tumemkalisha jikoni."

Aneth alicheka mpaka machozi. Mimi sikucheka.

Akatueleza. Sanduku lile linapumua kwa juu na kwa nyuma, lina matundu na mafeni. Likizibwa linapata joto, na likipata joto linapunguza mwendo lenyewe ili lisiungue. Si kwamba limeharibika, linajiokoa. Aneth akauliza mbona kazi zake za filamu zilikuwa zinakwisha.

"Ukiiachia kazi ya filamu unafanya nini?"

"Naiacha ipike, naenda jikoni."

"Basi. Hujui ilipika saa moja au saa tatu. Kazi kubwa hukai ukaitazama usoni. Huyu kuku ulikuwa unamtazama usoni."

Na kwa nini yeye hakuona mara zote mbili? Kwa sababu tulikuwa tunajiandaa. Mimi, nikisikia fundi anakuja, nilikuwa naondoa picha ya babu yenu nikaifungia kabatini, maana picha ya marehemu haiachwi kwenye mikono ya watu na bisibisi. Kitambaa nacho nilikiondoa kisichafuliwe. Akija anakuta meza tupu. Akiondoka nairudisha nyumba yangu kama ilivyokuwa. Na Sakina, kwenye lile jalala lake, hakukuwa na kitambaa.

"Kosa langu lipo," Fundi akasema. "Mara zote mbili nilikuta meza tupu kwenye nyumba ambayo hata redio imevaa. Nilitakiwa kuuliza. Sikuuliza."

Alisema hivyo mbele ya Aneth, wazi. Kisha akanitazama. Sasa ninajua alikuwa ananipa nafasi. Mimi nikasema, "Haya, afadhali imepona." Nikampakulia loshoro, yale mahindi ya maziwa ya mgando, akala bakuli mbili. Nikampa mkungu wa ndizi kutoka shamba la mlimani. Akauweka begani, akaondoka bila kuaga.

Aneth akaniuliza jioni ile, "Bibi, Jumatano utawaambia?"

"Nitaona."

Jumatano zamu yangu ya kusali ilipofika nikaombea mvua. Jumatano iliyofuata kulikuwa na mgonjwa wa kuombewa. Baada ya hapo nikajiambia kwamba watu wataona wenyewe. Mama mmoja wa jumuiya alikuja nyumbani, akaona kuku anakimbia kwenye kioo, akasema, "Afadhali, mlipata fundi mwingine?" Nami nikasema, "Imetengemaa." Sikusema uongo. Lakini nimewaambia nyie mara ngapi kwamba kuna kunyamaza ambako ni uongo? Niliwachapa wazazi wenu kwa ajili ya hilo. Mimi hakuna aliyekuwa mkubwa wa kunichapa.

Ulipita mwaka na zaidi. Banda la Sakina likachukuliwa na mtu wa matairi. Mwezi uliopita nikasikia sokoni kwamba Fundi yuko Sombetini. Nikachukua redio yangu, ambayo kweli ilikuwa inakoroma, nikaenda. Niliuliza kwa vijana wa bodaboda, wakanionyesha nyumba isiyopigwa lipu, baraza lake la udongo. Amekaa pale na kameza kadogo, anatengeneza chaja za simu. Macho yamefanya utando. Alikuwa anaupeleka waya karibu na pua ndipo auone.

Nikasema hodi. Akajua sauti.

"Shikamoo, Mama wa kuku."

"Marahaba, Fundi. Umehama bila kuaga."

"Wateja ndio walitangulia kuhama. Mimi nilifuata tu."

Nikakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Hakuuliza habari za mashine. Nikaona nikizunguka nitarudi nyumbani na redio iliyopona na hili jambo lingine likiwa vilevile. Nikasema, "Sikuwaambia watu."

"Najua."

"Umejuaje?"

"Ungewaambia ningesikia. Lile la kwanza nililisikia siku ileile."

Akaendelea na waya wake.

"Na wewe mbona hukusema?" nikamuuliza. "Si ungewaambia tu ni kitambaa cha yule bibi?"

"Nisimame barabarani nimshike kila mtu mkono, nimweleze habari ya kitambaa? Fundi anayejitetea anazidi kuonekana mwizi." Akapuliza vumbi kwenye chaja. "Halafu Mzee alikuwa juu yake. Ningekitaja kitambaa, wangemcheka na Mzee."

Watoto wa nyumba ile wakapita wakikimbizana, akawaambia wasikanyage nyaya.

"Yule mwalimu mkuu nitakwenda kwake," nikasema. "Akupe ile kazi."

"Kwa macho haya? Acha, Mama. Kazi hiyo ina mwenyewe sasa, na sijasikia kama ni mtu mbaya."

"Basi unataka nini?"

Aliweka chaja chini. Ndiyo mara ya kwanza kumwona akiacha kitu mkononi kabla hakijapona.

"Siku nikienda hospitali kuangaliwa macho napita Sakina," akasema. "Nimekaa pale miaka yote ile. Siku hizi wananiona wanageukia magari yao. Nataka kupita pale mchana, nitaniwe tena kwa ile simu yangu ya vitufe."

Kisha akanyoosha mkono. "Lete redio. Inaumwa nini?"

Nikamweleza nilichokiona, saa zake na mahali pake, bila kumwambia dawa. Akanawa, akaifungua kwa kuipapasa. Ilimchukua muda mrefu kuliko zamani. Iliponyamaza kukoroma aliirudishia mfuniko, akanikabidhi, akainama kwenye chaja. Hakuaga.

Nilifika Moshono jua bado lipo. Nikamwita Aneth, nikampigia mjomba wenu ashuke kutoka mlimani na mkewe, nikawaweka wote sebuleni. Mjomba wenu akadhani nagawa shamba. Niliwaambia hivi:

"Kesho asubuhi mkishakunywa chai, Aneth utaanza na mwalimu mkuu. Wewe mjomba wao utakwenda ile nyumba ya wageni, halafu Sakina, gereji kwa gereji, usiruke hata moja. Mkeo atakwenda kwa wale akina mama kumi na mmoja, nyumba kwa nyumba, asiwakusanye. Mtu asiseme Bibi alikosea kidogo, wala asiseme mashine ilikuwa na tatizo. Mtasema: Fundi hakuchomoa kitu, Bibi alimsingizia, na alipojua akanyamaza. Mkiulizwa mbona hakuja mwenyewe, waambieni wasifunge mlango, yuko nyuma yenu anakuja kwa miguu."